Dakika Ishirini Nje ya Friji

Kila Jumamosi, saa saba kasorobo mchana, Serah alitoa chupa sita za shadonei, mvinyo mweupe, kwenye friji ya baa na kuzipanga juu ya kaunta, mbali na mashine ya kahawa. Kisha akarudi kwenye glasi zake: zipitishe kwenye mvuke, pangusa kwa kitambaa kikavu, inua kwenye taa, weka. Dakika ishirini zikiisha aligusa kila chupa kwa mgongo wa mkono, kama mama anayempima mtoto homa.

Sheria haikuwa yake. Ilikuwa kwenye kadi ya plastiki iliyobandikwa kwa selotepu mlangoni pa friji, yenye nembo ya hoteli. Kadi ilisema mvinyo huu unatoka kwenye mizabibu ya pwani yenye baridi, ambako ukungu wa bahari hufunika zabibu karibu hadi adhuhuri, na kwamba ukinywewa ukiwa barafu hauna ladha. Serah hakuwahi kuuonja. Kanisa lao huko Kinangop, alikotoka kuja kufanya kazi hii ya ughaibuni, haligusi pombe. Lakini ukungu aliujua. Alikua akivuna kabeji zilizolowa chapa, vidole vimekufa ganzi, jua likichelewa kama mgeni mwenye maringo. Siku ya mafunzo alinusa glasi, akapata tufaha bichi na jiwe lililonyeshewa. Aliona haya kusema.

"Sista, wagonjwa wako wanaendeleaje?" Hesbon alisimama mbele ya kaunta, trei kwapani. Alikuwa Mkisii mrefu, mhudumu wa miaka mitano hapo, na kila Jumamosi alirudia utani huohuo wa kumwita nesi wa chupa.

"Homa imetulia. Chukua hii."

"Ni ya meza kumi na nne. Wale walianza saa sita, saa hii wanaimba."

"Basi enda, usinichekeshe kazini."

Akaenda. Serah akainua glasi nyingine kwenye taa, na hapo sauti ikapasua ukumbi.

"Hii ni nini? Mkojo?"

Mgeni wa meza ya kumi na nne alikuwa amesimama, shati jeupe limemlowa kifuani. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti iliyozoea kutiiwa. Alimwambia Hesbon kwa Kiingereza kwamba chupa ina joto, kwamba amelipia branchi nzima, chakula na vinywaji vya mchana kutwa, na sasa analetewa makombo ya meza nyingine. Hesbon aliinamisha kichwa kidogo, kama walivyofundishwa, akasema mvinyo huu hupoteza ladha ukiwa barafu, na kwamba angemletea mwingine mara moja.

"Nani ameiacha hii chupa nje?"

Hesbon aligeuza macho kwenye baa, mara moja tu. Macho yake yakakutana na ya Serah. Kisha akamrudia mgeni.

"Ni mimi, sir."

Mvinyo ulimpata usoni kwanza. Kisha yule mtu akanyakua ndoo ya barafu, ile ya chuma yenye mikono miwili, akaizungusha kama anatupa takataka. Ilimpiga Hesbon mdomoni. Ule mlio Serah hakuwahi kuusikia maishani, ila aliutambua: chuma kwenye mfupa. Barafu ilitapakaa sakafuni. Hesbon alienda chini kwa goti moja, mikono juu ya kichwa. Mgeni akamwendea amalizie, akakanyaga barafu, miguu ikamtoka, paji la uso likapiga ukingo wa meza.

Wanawake wakapiga mayowe. "Amemsukuma!" mmoja wa marafiki wa mgeni alipaza sauti, akamtia Hesbon teke la ubavu. Mwingine naye akatia lake. Hesbon hakuinuka. Alijikunja pale kwenye barafu iliyoanza kuwa nyekundu, naye Serah alibaki nyuma ya kaunta na kitambaa chake.

Walinzi wakaja. Sufyan, mkubwa wao, Mzanzibari aliyekuwa akimsalimia Hesbon kila asubuhi, alimvuta kwa ukosi hadi jikoni, akamlaza kifudifudi kwenye vigae, goti mgongoni.

"Tulia, ndugu yangu. Tulia n'sikuvunje."

"Sijafanya kitu, Sufyan," Hesbon alisema, damu ikimtoka mapovu mdomoni.

"Najua. Tulia tu."

Mgeni alikalishwa kwenye kochi, akaletewa daktari na juisi. Serah alitumwa kufuta sakafu. Kati ya vipande vya barafu aliona kimoja kisichoyeyuka. Lilikuwa jino. Alilifunga kwenye kitambaa cha glasi, akalitia mfukoni mwa aproni.

Nusu saa baadaye Madam Angella alimwita ofisini. Alikuwa Mganda aliyeanza kazi akiosha sahani hapohapo, na sasa ndiye mkuu wa ukumbi wote. Juu ya meza kulikuwa na karatasi iliyokwisha kuchapwa.

"Kaa, nyabo," alisema, kwa neno la heshima la kwao. "Kamera ya ile kona ilifunikwa na maputo ya mapambo. Umebaki wewe tu, ndiyo ulikuwa unaangalia upande ule."

Serah akasoma. Karatasi ilisema mhudumu aliacha chupa nje ya friji kwa uzembe, akamjibu mgeni vibaya, akamsukuma, na mgeni akajitetea.

"Madam, hii..."

"Yule bwana ana harusi ya watu mia tatu hapa mwezi ujao. Unanielewa? Polisi wako njiani." Angella alisogeza kalamu. "Hesbon atawekwa ndani siku mbili, tatu, halafu ndege, nyumbani. Ukileta maneno, viza yako nayo inakatwa leo. Mtaenda wawili. Hiyo itamsaidia nani?"

"Lakini chupa ni mimi..."

"Sijasikia." Angella alimshika mkono juu ya kiwiko, kucha zikazama nyamani. "Na usirudie. Mimi ninakuokoa, mjinga wewe. Weka jina."

Serah aliandika jina lake. Herufi zilitoka vizuri, kama za daftari la shule, na hilo ndilo lililomchukiza zaidi.

Alirudi baa kuchukua ndoo ya maji. Alipofika kwenye friji akasimama. Mlango ulikuwa mtupu. Kadi haikuwepo. Zilibaki alama nne za selotepu, zenye utando wa vumbi pembeni, na katikati pameng'aa mahali kadi ilipokaa miaka yote. Ndani, chupa zilikuwa zimerudishwa zote rafu ya chini kabisa, penye barafu.

Alipitisha kidole kwenye alama hizo moja moja, hadi alipoitwa kwenye korido.

Polisi walikuwa wawili, kwenye korido ya wafanyakazi. Hesbon alisimama kati yao amefungwa pingu, mdomo umevimba umegeuka upande, jicho moja limeziba. Hakumtazama Serah. Alitazama viatu vyake, kwa makusudi, na Serah akaelewa kwamba hata sasa alikuwa akimficha.

Afisa, kijana mwenye sauti ya upole, alishika ile karatasi. "Wewe ndiye Serah? Haya uliyoandika ni kweli?"

"Ni kweli, sir," Angella alijibu. "Amechoka tu, ameshtuka."

"Nimemuuliza yeye."

Maisha yake yote Serah alikuwa amejibu wakubwa kwa kuinamisha kichwa. Akasikia kichwa kikianza kuinama chenyewe. Akatia mkono mfukoni, akakuta kitambaa, akakifungua juu ya karatasi iliyokuwa mkononi mwa afisa. Jino likabingirika hadi kwenye jina lake, likakaa.

"Wee Serah," Hesbon alinong'ona kwa mdomo uliopasuka. "Wacha."

"Siwachi." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia, hadi wapishi wakachungulia mlangoni. "Si kweli, sir. Chupa niliitoa mimi. Ni kazi yangu, dakika ishirini, hoteli yenyewe ilituandikia kwenye kadi, na leo wameibandua. Alama za selotepu ziko pale mlangoni pa friji. Huyu hakumgusa mtu, muulize Sufyan. Alipigwa na ndoo ya chuma kwa kosa ambalo si lake na wala si kosa, na yule mgeni akateleza kwenye barafu aliyoimwaga mwenyewe. Mimi niliona. Niliona yote, na nikaweka jina langu kwenye uongo."