Vigingi vya Muyenzi

Modeste wa Kilibula, mtaa wa mji wa Uvira, hakuwa injinia, wala hakuwahi kujidai. Kazi aliyofundishwa na Wabeleji ilikuwa kushika ncha moja ya mnyororo wa kupimia, mzungu ashike nyingine. Uhuru ulipofika mwaka wa sitini, mzungu alipanda gari lake akavuka mpaka kwenda Usumbura, Burundi, akaiacha ncha yake chini. Sasa nani aiokote? Modeste akaiokota, jamani, na ndivyo alivyopata kuwa fundi wa mipango kwenye kiwanja cha ndege cha bondeni, kaskazini ya mji.

Kiwanja chenyewe kilikuwa changarawe na kibanda. Ndege ilitua mara moja kwa juma, na magari ya kuipokea yalikuwa matatu, tena moja, la misioni, halikuwa na breki. Mwanzoni mwa sitini na ine ikaja barua ya wakubwa: nchi ni yetu, kiwanja kitakua, chora parkingi ya magari arobaini.

"Makumi ine!" mke wake Léocadie alicheka mpaka akauacha ugali jikoni. "Baba Agnès, Uvira nzima iko na magari mangapi?"

"Yatakuja. Wamesema tupange ya kesho."

Taabu haikuwa magari. Mahali pazuri pa parkingi palikatwa na njia ya ng'ombe. Kila kiangazi wachungaji walishuka kutoka milima ya juu, wakapita hapo kwenda kunywesha mtoni Ruzizi. Upande mmoja wa njia ni bwawa linalomeza ng'ombe mpaka pembe, upande wa pili ni mashamba ya muhogo, na ng'ombe akigusa muhogo wa mtu ni kesi mpaka kwa chefu. Njia ile ikifungwa, mifugo itakufa kwa kiu huku ikiutazama mto.

Habari zilipanda mlimani upesi. Niyibizi, mzee mwenye ng'ombe sitini, akashuka peke yake kwa miguu siku mbili.

"Modeste mwanangu, nasikia unatufungia."

"Hapana, muzee. Miye nitaigawa parkingi mara mbili, ya juu na ya chini. Katikati nakuachia mita kumi na mbili."

"Hilo ni neno lako?"

"Ni neno langu."

Mchoro ukaenda, ukarudi na muhuri. Nakala ilikuwa hiyo moja tu, maana karatasi ya kuchorea ilikwisha. Vigingi vya chuma vilivyoagizwa navyo havikufika. "Tungoje nini?" Niyibizi akasema, akakata matawi ya muyenzi, mti ule wa utomvu kama maziwa wanaozungushia maboma. Mvua za Machi zikiwanyeshea, wakapigilia vigingi thelathini na viwili, nusu kila upande wa njia. Modeste alipima mita kumi na tano toka kigingi hadi kigingi, hata unyayo mmoja asiupunguze. Ee, lakini muyenzi! Tawi lake ukilichomeka mahali penye maji halikai tawi. Hata mtoto wa Kilibula anajua hilo. Modeste alijua pia, ila siku ile furaha ya muhuri ilimpumbaza.

Miezi miwili haikwisha, uasi ukaingia Uvira. Modeste akabeba watoto na mnyororo wake wakavuka Burundi, wakakaa miaka miwili ya kuhesabu habari mbaya. Waliporudi, ofisi haikuwa na mlango. Karatasi zote watu walishaziwashia moto wa kupikia. Mchoro wenye muhuri uliivishia mtu maharage, basi.

Akaletwa direktere mpya wa kiwanja, Placide, kijana msafi wa kusema kwa upole. Alikuwa na mchoro wake mwenyewe: parkingi moja kubwa ya magari arobaini. Njia ya ng'ombe haikuwamo.

"Ilikuwa na muhuri, Bwana Direktere," Modeste alimwambia.

"Nionyeshe."

"Imeungua."

"Papa Modeste, nikusaidie vipi? Bila karatasi, hayo ni maneno tu. Jumatatu tunafyeka kile kichaka, tunaanza."

Chakula kilimshinda Modeste siku hiyo. Aliona aibu, aibu ya kweli, kana kwamba amemwibia mzee Niyibizi. Kisha akajiuliza: kichaka gani? Pale palikuwa na nyasi tu.

Asubuhi akaenda kutazama. Miyenzi ilikuwa imesimama, mirefu kuliko yeye, mistari imenyooka, na katikati mwanya. Alicheka peke yake mpaka akakaa chini. Akamfuata direktere mbio.

"Lile ni boma la mtu tu," Placide akasema.

"Boma gani linapandwa kila mita kumi na tano? Ngoja." Modeste akaandika vipimo vya vigingi vyote thelathini na viwili kwa kichwa, akamkabidhi kipande cha karatasi. "Sasa shika ncha hii ya mnyororo, nami nishike ile. Weye ndiye utakayesoma."

Wakapima mpaka jua la saa sita. Kumi na tano, kumi na tano. Kwenye mwanya, kumi na mbili. Placide akafuta jasho.

"Nimekuamini," akasema. "Lakini toka vita hakuna ng'ombe aliyeshuka. Nangoja mpaka kiangazi kiishe. Wasipokuja, nafunga."

Haya, ngoja basi! Juni ikapita, Julai ikapita. Kila siku Modeste aliitazama milima shingo ikamuuma. Habari za huko juu hazikuwa nzuri: ng'ombe waliliwa, watu walitawanyika. Agosti nayo ikaisha. Mvua ya kwanza ilikuwa imekwisha kunukia siku ndege ya juma ilipotua, nao Modeste na Placide wamesimama kuipokea.

Niyibizi akatokea barabarani. Alikuwa amekonda, amevaa koti la mtu mwingine. Mbele yake walitembea ng'ombe watatu.

Placide aliwahesabu kwa kidole. "Papa Modeste, kweli? Mita kumi na mbili kwa ng'ombe watatu?"

Modeste akageuka kuitazama parkingi. Gari la Placide lilikuwa limesimama kwenye mwanya, la chefu kivulini, na lile la misioni limewekewa jiwe chini ya gurudumu.

"Na parkingi ya magari arobaini, Bwana Direktere? Leo yako mangapi?"

Placide aliyahesabu nayo kwa kidole, yakawa matatu. Kisha akaenda mwenyewe, akawasha gari lake, akaliondoa njiani.

Ng'ombe wakapita katikati kabisa ya miyenzi, polepole, kana kwamba wengine wako nyuma. Niyibizi alipofika kwa Modeste akasimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Uliiacha njia," akasema.

"Niliiacha, muzee," Modeste akajibu, na machozi yakamtoka mbele ya abiria wote.