Kuni za Rigobert

Huguette alimtuma mumewe kuni, mume akarudi na merikebu.

Tena si merikebu ya kupanda mtu. Ilikuwa vijiti vitupu, vimefungwa mafungu mafungu kwa uzi ndani ya sanduku la karatasi ngumu lililopauka, na picha juu ya kifuniko kuonyesha jinsi ambavyo ingekuwa, kama mtu angekaa kitako akaijenga. Rigobert aliliweka mezani kwa mikono miwili, kama padri anavyoweka kikombe altareni, akarudi nyuma ili mkewe aone vizuri.

“Njo nini hii, Papa Syntiche?” Huguette aliuliza, akimwita kwa jina la binti yao.

“Iko bateau. Ya miti. Ya zamani, haiko ya bure.”

“Na kuni?”

Rigobert akajikuna shingo. “Kuni, tutaona après.”

Kuni zilikuwa za kuchomea matofali. Huko Annexe, pembeni mwa mji, walikuwa na kiwanja, na juu ya kiwanja matofali mabichi ya udongo wa kichuguu yalikuwa yamefunikwa nyasi, yakingoja moto. Mwenye nyumba waliyopanga Bel-Air alikuwa amekwisha kuwaambia wahame mwaka ukiisha, mwanawe anaoa. Na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Tofali bichi likinyeshewa haliulizi bei, linarudi kuwa matope. Hakuna mtu wa Lubumbashi asiyejua hilo, ila Rigobert, ambaye mvua ilikuwa imekwisha kumfundisha na bado hakujifunza. Matofali yake ya kwanza, miaka ile, alisema atayachoma après, yaani baadaye. Mvua ikayayeyusha, na mchwa wakarudi kujenga palepale. Wao hawakungoja.

Après! Wengine huapa kwa Mungu, Rigobert huapa kwa après. Ua wote wa Bel-Air ulijaa après zake: milango isiyo na nyumba, fremu za madirisha, kitanda kisicho na miguu, na mataruma ya mbao aliyopewa alipostaafu kazi ya reli, ambayo siku moja yangekuwa meza ya wageni. Huguette alikuwa amefagia kando ya meza hiyo mpaka wageni wenyewe wakazeeka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, husema watu, na tumbo la Huguette lilikuwa limeuma hadi likachoka.

“Muzungu moja wa mtaa wa Golf anarudia kwabo,” Rigobert alieleza, macho yakimwaka. “Anauzisha bintu yote. Hii aliipata akiwa kijana, tangu pale hakuifungua hata siku moja. Iko neuf, mupya kabisa!”

Kumbe ugonjwa huu unahama nyumba hata nyumba, Huguette aliwaza. Mzee mmoja ameponea Golf, mwingine ameuleta Bel-Air.

“Na weye, utaifungua?”

“Pole pole. Ukifungua, inafaa uanze. Ukianza, unaweza kuharibisha. Ikibakia mu carton, iko muzuri siku yote.”

Huguette alimtazama mwanamume aliyezaa naye. Siku zote alidhani ni mvivu, na uvivu angeweza kuusamehe, maana hata baba yake alikuwa mvivu na watu walimpenda. Kumbe Rigobert alikuwa mwoga. Kichwani mwake kulikuwa na nyumba yenye baraza pana na vyumba visivyohesabika, na tofali la kwanza lililoiva lingeifanya kuwa vyumba viwili tu, kama vya watu wote. Huruma ilimgusa kidogo, ikapita. Dharau ndiyo iliyobaki.

“Bahari yako iko wapi, Papa Syntiche? Mu muto Kafubu?” alisema, akaenda kukoroga bukari, ugali wao wa jioni.

Kesho yake, Rigobert alipokwenda mazoezi ya kwaya parokiani, Huguette alimwita Chola, mdogo wake mwenye gari la mizigo. Walipakia milango. Walipakia madirisha na kitanda. Mataruma yalikuwa mazito, na Chola aliguna, lakini nayo yalipanda. Uani hakikubaki hata kijiti.

Annexe, wachoma matofali walikuwa wamekwisha kupanga tanuri na kulikandika tope, na midomo yake ilikuwa wazi chini. Huguette aliisukuma mwenyewe milango ya mumewe humo ndani, mmoja baada ya mwingine. Mataruma yalishika moto kwa moshi mweusi na harufu ya lami. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, meza ile ya wageni ilikuwa na kazi. Huguette alifurahi, na hakujificha.

Rigobert, aliyerudi nyumbani akakuta ua mtupu, alifika akihema, amekumbatia sanduku kifuani.

“Meza yangu, Mama Syntiche! Milango yangu!”

“Meza gani? Nionyeshe kwenye ulikula.”

Wachoma matofali walicheka hadharani. Rigobert alitazama moto, akatazama mkono wa mkewe uliokuwa umenyooshwa kwake, akalibana sanduku zaidi.

“Hii hapana. Nakuomba. Hii hapana.”

Huguette alipapasa kifuniko. Vijiti vile vilikuwa vikavu ajabu, vingewaka kabla ya kusema amina. Alilisukuma sanduku lirudi kifuani kwa mwenyewe.

“Haitoshi hata kuchemusha chai. Beba, uende nayo.”

Mvua ya kwanza ilinyesha juu ya matofali mekundu, ikateleza na kwenda zake. Kabla ya Noeli nyumba ilikuwa imesimama: vyumba viwili, mabati juu, mlango mpya ambao Huguette aliununua kwa pesa za cherehani yake. Padri alikuja kuibariki, na binti yao Syntiche alitoka kwa mumewe kuja kupika. Padri alipita akinyunyiza maji chumba hata chumba, mpaka akaliona sanduku juu ya kabati, lingali limefungwa.

“Na ile, mama, iko nini?”

“Ile?” Huguette alisema, bila kupunguza sauti. “Iko nyumba ya bwana yangu, mon Père. Ataijenga après.”

Watu walicheka. Padri naye alicheka, akainua mkono akalinyunyizia sanduku maji ya baraka. Rigobert akaruka kitini, akalishusha mbio, akaanza kulifuta kwa shati lake la kwaya, lisije likaharibika.