Kitambaa cha Kukunjwa na Watu Wawili

Wewe umewahi kukaa katika nyumba ambayo ukishika ufagio unapokonywa, ukishika kijiko unapokonywa, na anayekupokonya anatabasamu, tena anakuita mama? Kama hujawahi, usimcheke Mama Pasi. Kama umewahi, basi sogea hapa, maana nusu ya hadithi hii unaijua tayari.

Jina hilo la Mama Pasi alilipata kazini. Alipiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa tangu akiwa msichana mpaka mvi zikamjaa kichwani. Shuka, foronya, vitambaa vya meza, mashati ya wageni wasiojua hata shati lao limepita mikononi mwa nani. Alipostaafu aliendelea kuwapigia majirani pasi kibarazani kwake, pasi ya mkaa, mpaka siku moja presha ikampanda akaanguka, na kikapu cha nguo kikamfunika. Mwanawe akaja na gari akamchukua, akampeleka kwake mjini. "Kuanzia leo, mama, wewe ni kupumzika," alisema. Na mkwe wake, yaani mke wa huyo mwanawe, ambaye ni muuguzi, akaitikia: "Kupumzika tu."

Wakampumzisha kweli. Kitanda chake kilitandikwa kabla hajamaliza kuvaa kandambili. Akinyanyua kikombe akisuuze, mkwe huyo hapo: "Acha, mama, utachoka." Akichukua vinguo vya mjukuu avikunje: "Acha, mama, hivyo vyangu." Na pasi ya umeme, ambayo mwanzoni ilikaa jikoni kando ya chujio la chai, asubuhi moja aliikuta imepandishwa juu ya kabati, nyuma ya sanduku, mahali ambapo hata angepanda kiti asingeifikia. Aliutazama waya wake unavyoning'inia kama mkia wa panya, akarudi kukaa.

Angeweza kusema. Lakini naye alikuwa na mama mkwe zamani, Mungu amrehemu, mwanamke aliyekuwa akipitisha kidole juu ya rafu na kukitazama, akionja mchuzi na kunyamaza. Ule unyamavu ulikuwa mkali kuliko pilipili. Mama Pasi aliapa kwamba akijaliwa mkwe, hatamsema hata kwa jicho. Kiapo hicho ndicho sasa kilichomfunga mdomo. Akiomba pasi, si itakuwa ni kama kusema nguo za nyumba hii hazinyooki? Na kweli hazikuwa zinanyooka, ila hilo alilimeza.

Basi akakata shauri. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, ataaga arudi kwenye chumba chake cha kupanga kule alikotoka, akae na pasi yake ya mkaa. Mfuko wa nguo alishaufunga akausukuma chini ya kitanda. Kilichomuuma ni kwamba kwenda hakutaka. Mjukuu wake wa kike alikuwa na tabia ya kumshika ndewe ya sikio mpaka usingizi umchukue, na bibi mzima alishazoea kulala sikio likiwa mkononi mwa mtu. Lakini mtu hawezi kuwa mgeni maisha yake yote. Hata mgeni ana siku yake ya kupewa jembe. Yeye jembe lake lilikuwa limepandishwa kabatini.

Jumamosi asubuhi mkwe akaingia chumbani na kikombe cha chai.

"Mama, leo tunatembea. Kuna gari dogo linazungusha watu pwani asubuhi, watu wachache tu, halina fujo. Nimetuchukulia nafasi. Wewe utakaa tu, utazame bahari."

Kukaa tu, aliwaza Mama Pasi. Kumbe hata huko ni kukaa. Lakini alimtazama mkwe wake, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku na macho yamemwiva, akasema, "Ahsante, mwanangu. Ngoja nitafute kitambaa changu cha kichwa."

"Nimeshakutafutia."

Gari lilikuwa jeupe, limeoshwa mpaka tairi. Ndani walikuta maharusi wa juzijuzi, kijana na binti, wakilishana pipi kwenye kiti cha nyuma, na fundi miwani mmoja mnene aliyening'iniza kamera kifuani. Dereva ndiye huyohuyo aliyekuwa mwonyeshaji wa njia.

"Mimi wananiita Redio," alisema akiwasha gari, "na kitufe changu cha kuzimia kilikatika zamani. Kama mlitaka kimya mngesema mapema."

"Tumeshachelewa," alisema fundi miwani.

Njia ilipanda kufuata ukingo wa bahari. Upande mmoja miamba, upande mwingine maji, na katikati barabara nyembamba kama uzi wa kushonea. Redio alieleza kila jiwe. Hili linaitwa Kofia, lile linaitwa Ngamia, na lile pale halina jina, kila mtu alibandike jina alitakalo. Mkwe, kwa upande wake, alikuwa na kazi zake. Alimfunga Mama Pasi kifungo cha sweta. Akamfungulia dirisha. Akaona upepo ni mwingi, akalifunga. Akamwekea mfuko mgongoni, akauondoa, akamwekea tena.

Fundi miwani aligeuka. "Mama, wewe unatunzwa kama yai."

"Yai nalo, baba, likitunzwa sana linakuwa viza," alijibu Mama Pasi taratibu, na maharusi wakacheka kule nyuma. Mkwe alicheka pia, lakini kicheko chake kilikatika upesi, akatazama mikono yake.

Walisimama mara ya kwanza juu ya kilima chenye ukuta mfupi wa kuegemea. Hewa ilikuwa ya baridi ya asubuhi, safi, yenye chumvi ya kuonjeka mdomoni. Chini kabisa mawimbi yalikuja, yakapanda juu ya mawe, yakarudi yakiacha mapovu meupe kwenye kila ufa. Maji yalikuwa na rangi zake kwa mafungu: kijani karibu na mchanga, bluu pale mbele, na kule mwisho kama wino uliomwagika. Mama Pasi aliegemea ukuta akatazama kwa muda mrefu.

"Unaonaje, bibi?" Redio aliuliza.

"Naona mawe yamefuliwa vizuri," alisema. "Mfuaji ana subira huyu. Na sabuni haimwishii."

"Hilo nitalisema kesho kwa abiria wangu kama langu mwenyewe," alisema Redio. "Usinidai."

Waliporudi garini, safari haikufika mbali kabla kichwa cha mkwe hakijaanza kuinama. Kilikwenda mbele, kikashtuka, kikaenda pembeni, mwisho kikatua begani kwa Mama Pasi kama furushi lililofika kwao. Mama Pasi akakaza mgongo. Hakusogea. Tangu aletwe mjini, hii ndiyo mara ya kwanza bega lake kupewa kazi.

Na kwa kuwa shingo ya blauzi ya mkwe ilikuwa chini ya macho yake, akaisoma. Mtu mwingine angeona blauzi. Yeye aliona mkunjo uliopigwa pasi juu ya mkunjo, mara mbili, ishara ya mtu aliyekuwa akisinzia. Aliona doa la rangi ya chai pale pasi iliposahauliwa kidogo. Akashusha macho mpaka kwenye kifundo cha mkono wa mkwe, akaona alama ya kuungua, mbichi, ndogo kama punje ya mahindi.

Kumbe pasi ilikuwa inashuka. Inashushwa alfajiri, mlango ukiwa umefungwa, na mtu ambaye hajalala, kisha inarudishwa juu kabla mama hajaamka. Mama Pasi alihisi kitu kikimpanda kifuani, na hakikuwa presha.

Redio alisimamisha gari. "Na hapa, jamaa zangu, ndipo pale penyewe. Mwamba wenye tundu. Wanaotoka mbali hutoka mbali kwa ajili yake. Tushukeni."

Mama Pasi aliweka kidole mdomoni, akaonyesha kichwa kilicholala begani. Redio, yeye mwenye kitufe kilichokatika, akanyamaza. Walishuka wakinyata kama wezi wa kuku. Kutoka pale alipokaa, Mama Pasi hakuona mwamba wala tundu. Aliona kiti cha bluu, na kipande cha anga, na ndege mmoja mweupe aliyepita akaenda zake.

"Bibi, umekosa," alinong'ona bi harusi aliporudi. "Ule mwamba una tundu kama mlango, na bahari inaingia kama ina funguo."

"Nitaliona tukirudi."

"Haturudi njia hii."

"Basi wewe umeniletea. Imetosha."

Kituo cha mwisho kilikuwa uwanda wa majani juu ya bahari, mahali pa kunywa chai. Mkwe aliamka gari lilipozimwa, akajifuta mdomo, aibu imemjaa.

"Mama, mbona hukuniamsha? Bega lako jamani. Limekufa ganzi?"

"Bega langu ni zima. Limelala vizuri kuliko wewe."

Redio alifungua meza ya kukunja, akaitandika kitambaa cheupe kikubwa kilichofika mpaka kwenye majani. Akapanga chupa ya chai, mikate na mayai ya kuchemsha. "Kitambaa hiki ni cha mke wangu," alitangaza. "Kikipotea, mimi nalala humu garini." Walikula, wakanywa. Fundi miwani aliwapiga picha maharusi, kisha maharusi wakampiga yeye, tumbo likazidi picha. Jua lilikuwa limeanza kuwa na nguvu, na pamoja nalo upepo.

Vyombo vilipoondolewa tu mezani, kitambaa kikajaa hewa, kikanyanyuka, kikaelekea ukingoni. Redio alikuwa amekumbatia vikombe. Fundi miwani alinyoosha mkono akashika upepo. Ni Mama Pasi aliyekanyaga ncha yake, mguu mmoja tu, pale pale kilipokuwa kinapita. Mguu ulifanya wenyewe. Haukumwomba ruhusa mtu.

Redio alikuja mbio, akaanza kukibumba kama anafunga mzigo wa kuni.

"Usimfanyie hivyo mke wa watu," alisema Mama Pasi. "Kitambaa kikubwa hukunjwa na wawili. Mpe mwanangu ncha hizo."

"Acha, mama, uta..." alianza mkwe, lakini upepo haukumsubiri amalize. Ilibidi ashike.

Basi wakasimama wakitazamana, kitambaa kimetanda kati yao kama kitanda cheupe kinachoelea. Mkwe alishika kwa ncha za vidole.

"Shika kwa ngumi. Sasa vuta, jiegemeze nyuma. Usiogope, nami navuta." Mama Pasi alisikia sauti yake mwenyewe akashangaa. Hakuwahi kumwelekeza mkwe wake jambo lolote tangu siku ya harusi. "Haya, ncha ya kulia ipeleke kwa ya kushoto. Hivyo. Vuta tena. Sasa njoo kwangu."

Mkwe akaja na ncha zake, akazikabidhi. Akainama akaokota upindo uliobaki chini, akarudi nyuma, wakavuta. Upana ulikuwa umepungua nusu, na umbali kati yao nusu. Redio na wenzake walikuwa garini, wakibishana juu ya nani aketi dirishani.

"Mama," alisema mkwe, macho yakiwa kwenye kitambaa, "nilipokuwa nafagia niliuona mfuko chini ya kitanda. Umefungwa."

Mama Pasi alivuta.

"Ndiyo maana nikakuleta huku. Nilisema labda akipata hewa atabadili nia." Mkwe alivuta naye. "Kama kuna nililokukosea, niambie. Usiondoke umenyamaza."

"Hujanikosea kitu."

"Basi ni nini? Nimejitahidi usiguse chochote. Mama yangu mzazi alifua na kubeba maji mpaka siku aliyoanguka, na hakuinuka. Siku ulipoletwa, nilikupima presha nikakosea mara mbili, mimi ninayepima watu kila siku. Nikasema huyu hashiki hata kijiko. Hata kama atanichukia, atakuwepo."

Mama Pasi alilitafakari hilo neno, atakuwepo. Kumbe pasi haikupandishwa ili asiiharibu, wala kwa sababu nyumba haikumhitaji. Ilipandishwa na mtoto aliyefiwa.

"Njoo," alisema.

Mkwe alikuja na ncha zake kwa mara ya mwisho. Kitambaa sasa kilikuwa kidogo kama mto, na wao walikuwa uso kwa uso, vidole vya mmoja juu ya vidole vya mwenzake. Pale karibu Mama Pasi alinusa sabuni ya hospitali, na chini yake, kwa mbali, harufu anayoijua kuliko zote, ya nguo iliyoguswa na pasi ya moto kupita kiasi. Alipitisha kidole gumba juu ya ile alama ndogo ya kuungua kwenye kifundo cha mkono wa mkwe, polepole, bila kusema neno la lawama. Chini, bahari iliendelea kufua mawe yake.

"Presha unipime wewe, kila siku, na ukisema nimechoka nitakaa," alisema. "Lakini mimi sitaki kuondoka, mwanangu. Nataka kukaa kwenu mpaka mnichoke, kama mtu wa nyumbani. Ishushe ile pasi kabatini. Nipe viti viwili, kimoja cha kukalia na kimoja cha kuwekea nguo, kisha wewe ukitoka zamu ulale. Nataka kupiga pasi."