Kichwa cha Baba Katikati ya Ulgill

...na bado hajageuka, kichwa chake kipo palepale, kati ya mwamba na mimi, kama gogo lililokwama, hakisogei, au kinasogea ila mimi ndiye nisiyeona, maji ya ziwa Ulgill asubuhi hii ya Oktoba ni meusi kama chai iliyosahaulika na upepo unayakunja-kunja, ukikikodolea macho kitu kimoja muda mrefu kinaanza kucheza chenyewe, tulia, Hester, tulia, mzee anapumzika tu, ana haki ya kupumzika, kaogelea kichura mpaka kwenye mwamba kama kila Jumapili, kaugusa kwa kiganja, nimemwona kwa macho yangu, akageuza kurudi, halafu hapo katikati akasimama akageukia mlima, ila majini mtu hasimami, chini ya nyayo zake hakuna kitu, hata wachungaji wa huku hawajui kina cha ziwa hili, kila mmoja anakwambia lake... na huyu mama bado anaongea, kasema anaitwa Philippa, katoka Manchester jana na mvua yake, mbwa ni Monty, Monty hapendi maji baridi, sori kama anakusumbua, kipenzi, na mimi nasema hanisumbui, hanisumbui hata kidogo, huku mbwa analamba kiatu changu na mimi nimekumbatia suruali ya baba yangu kifuani, suruali bado ina joto lake, yeye mwenyewe yuko kule kwenye maji yanayouma mifupa, geuka basi mzee, geuka... Pazuri, eti, hapa ni pazuri mno, anasema Philippa, ningekuwa na nyumba huku nisingetoka, ndiyo mama, na wewe ukija kununua sisi ndio tutatoka, kijiji kizima sasa ni nyumba za kupangisha, funguo zinazoning'inia mlangoni zikisubiri wageni wa Ijumaa, ila sisemi, natabasamu, ndicho tulichofundishwa, kutabasamu huku meno yameumana, kama kungekuwa na intavyuu ya kutabasamu ningekuwa mkurugenzi, lakini nina digrii ya historia, digrii safi, nilipovaa lile joho la kuazima mama alilia, na tangu siku ile kila ninakoomba wananiambia barua yangu imewavutia sana, sana tu, ila wamempata mwenye uzoefu, uzoefu wa kufungua mlango wa makumbusho na kusema karibu, vyoo viko kushoto... hajasogea. Hajasogea kabisa. Leo hakujimwagia maji shingoni. Hilo ndilo linalonitisha, sikulitia maanani pale pale, kila mara baba huingia mpaka magotini, huinama, huchota maji kwa kiganja, hujipaka kisogoni, taratibu, kama anayeomba ruhusa, halafu ndipo hujitupa, leo kaingia moja kwa moja kama mtu anayetoka chumbani kwa hasira, na alikuwa anatoka chumbani kwa hasira, chumba chenyewe ni gari, na ndani ya gari nilikuwa mimi na ulimi wangu... alianza yeye, hata kama mama ataninunia nitasema alianza yeye, kaniambia kwa ile sauti ya chini anayodhani ni upole kwamba amezungumza na wale wa mkahawa wa gatini, kwenye ziwa kubwa, wanahitaji mtu wa kuhudumia chai mpaka majira ya wageni yaishe, wamesema kwa ajili yake, Wilf wao, hakuna usaili, nije Jumatatu nimevaa viatu vyeusi, kisha akaongeza kwamba digrii haimzuii mtu kubeba sinia, msomi wetu, na hilo neno msomi ndilo lililoniwasha, nikamwambia maisha yako yote umezungusha wageni kwenye boti, gati mpaka gati, unawaonyesha kisiwa kilekile na kichekesho kilekile, umefika wapi, baba? Akashika usukani, barabara yetu ni nyembamba, kuta za mawe pande zote, akamsubiri kondoo avuke, akamwinulia kidole cha asante, kondoo, halafu akasema, "Nimefika gatini. Kila safari, Hester, nimefika gatini." Na hakusema tena, mpaka tumefika, mpaka kavua shati, mpaka kanipa suruali, na mgongo wake mweupe ukaingia majini bila kujipaka kisogoni... na Philippa anauliza kama wenyeji huingia na viatu maalumu maana mawe yanateleza, nasema wengine ndiyo, wengine hapana, jibu la kijinga, na daktari, daktari alisema nini hasa, mimi baba aliniambia nusu tu, Septemba ile nilipomkuta bandani ameegemea meza ya useremala, midomo ya kijivu, akasema moyo unaruka pigo mara mojamoja, kama boti iliyokosa mafuta, wamempa vidonge, mama yako asijue, na mimi nikafungua mdomo akasema usianze, usianze Hester, nipo sawa, katika nyumba yetu nipo sawa ni kufuli, likishafungwa hakuna anayeingia, na sikuanza, nikameza, nikaenda kunywa chai na mama tukazungumzia paka wa jirani... Nipige kelele. Sasa hivi. Baba, basi, neno moja tu, linagharimu nini, linagharimu kila kitu, maana nilishawahi kuliita hapahapa, nilikuwa na miaka tisa, baba kapotea nyuma ya mwamba na mimi nikapiga yowe, vijana wawili waliokuwa wamepiga hema wakaingia majini na mabuti yao, na baba akatokea upande wa pili, mkavu wa uso, alikuwa anatazama kiota cha mnandi, akawaambia sori, akawamiminia chai yetu yote, sori tena, akawapa soksi zake, sori jamani, mtoto huyu, na mimi hakuniambia kitu njia nzima, mpaka kafunga breki mlangoni ndipo kasema umenifanya kioja, kwa upole, umenifanya kioja mbele za watu, ningependa anipige, kwetu hawapigi, wanakupa kimya ukae nacho kama koti la marehemu... na watu wenyewe hapa ni mmoja, Philippa na mbwa, kioja gani, lakini hata huyo mmoja namwonea haya, namwonea haya mama wa Manchester nisiyemjua wala sitamwona tena, yaani baba yangu anaweza akafa kwa sababu mimi sitaki mgeni anione nimechanganyikiwa, na usidhani haijatokea, imetokea kwetu, shangazi Enid, dada yake baba, kwenye harusi ya binamu, mwiba wa samaki umemkaa kooni, meza nzima wamemzunguka, kuna muuguzi hapo, kuna mtu wa zimamoto hapo, yeye kainua kidole kama anayeomba radhi, kakunja kitambaa chake vizuri, kaondoka polepole kwenda chooni ili asiharibu hotuba ya bwana harusi, kafunga mlango kwa komeo, wamemkuta wakati wa kukata keki, na mazishini baba huyuhuyu kasimama kanisani akasema, "Enid hakuwahi kumsumbua mtu," na kanisa zima likaitikia kwa vichwa, wengine wakafuta machozi, sifa kubwa hiyo, na mimi nimekaa benchi la pili nimeitikia pia, nimesoma wafalme wote wa nchi hii, waliokatwa vichwa na waliokufa kwa ulafi, lakini kitu kinachotuua sisi wadogo hakuna mhadhiri aliyenifundisha... Kidevu. Nilikuwa naona kidevu. Niliona mstari wa ndevu zake nyeupe juu ya maji, sasa naona nini, naona pua, au ni wimbi, wimbi limepita, naona nywele na pua, na shuleni yule mwalimu wa kuogelea mwenye filimbi alituambia mtu anayezama hapigi kelele, mdomo wake uko kazini, unatafuta hewa, hana nafasi ya kukuita, ukisikia mtu anaita ujue bado yuko hai vizuri, wanyamavu ndio uwatazame, na baba ni mnyamavu hata mezani, hata akikatwa na msumeno alisema lo, lo tu, na damu inadondoka, Mungu wangu, baba akizama atazama vilevile anavyoishi na sitajua tofauti... Yule ni baba yako? anauliza Philippa, ameweka mkono juu ya macho, anatazama ninakotazama, anaonekana anafurahia, mzee wa watu, ametulia kabisa. Ametulia. Neno lenyewe limeniingia kama maji sikioni. "Nadhani baba yangu anazama," nasema, na sauti yangu inatoka ndogo, ya adabu, kama ninayeomba chumvi. Philippa ananitazama mimi, anamtazama yeye, anashika ukosi wa koti lake. "Una hakika, kipenzi? Hatutaki kumwaibisha." Hatutaki kumwaibisha, hata yeye, hata huyu wa mjini, tumenyonyeshwa ziwa moja, na ningesema ndiyo nina hakika ningekuwa mwongo, anaweza kuwa anatazama ndege, anaweza kuwa bado ananuna, ananikomoa, anataka nihangaike kidogo ufukweni na suruali yake, angeweza, ni mtu wa hivyo, na anaweza kuwa moyo umeruka pigo na haukushuka. "Sina hakika," nasema, "piga simu," na anasema huku simu hazishiki, nasema basi kimbia barabarani, simamisha gari, kimbia mama, na namwona anashangaa kwamba mtu amemwamrisha, halafu anakimbia, kweli anakimbia, mbwa nyuma, na suruali ya baba imeanguka matopeni na mimi niko majini, baridi imenishika vifundo, imenishika magoti, viatu vimejaa, mawe yanateleza, Philippa alisema kweli, na naita, baba, naita tena, BABA, sauti inagonga mlima inarudi, kondoo wameinua vichwa, Wilf, naita kwa jina lake ambalo sijawahi kulitamka, Wilf Braithwaite, bonde zima limesikia, na kichwa kipo palepale, hakigeuki, maji yamenifika kiunoni, pumzi inakatika vipandevipande, na naomba niwe nimekosea, naomba ageuke sasa hivi na uso wake ule, anione nimelowa na nguo zangu za Jumapili, amwombe radhi mama wa Manchester, awaombe radhi wenye gari, awaombe radhi kondoo, asiseme nami mpaka Krismasi na Krismasi yenyewe aniambie nimemfanya kioja, nipe aibu hiyo, nipe yote, nitaibeba mjini na vijijini na nitaibeba Jumatatu nimevaa viatu vyeusi, nimebakisha pua tu juu ya maji na miguu haigusi tena, baba, geuka, geuka unikasirikie.