Salamanda Waliotoka Majini

Mwaka ule mvua iliwapita kando Walori, wafugaji wa kuhamahama wa bonde la juu, ikabaki chemchemi moja tu, ile inayotoka kwenye ufa wa mwamba juu ya miti ya mwaloni. Humo waliishi salamanda, viumbe wadogo weusi wa majini wanaofanana na mijusi, wenye mabaka meupe na mstari wa rangi ya chungwa mgongoni, ambao hata bonde la jirani hawapo. Kijana mmoja, Yarmorad, alikuwa akiwakamata na kumuuzia mchuuzi wa mjini. Dada yake mkubwa, Golandam, alimkataza mpaka akachoka. Yarmorad alikuwa akicheka tu na kumwita mama wa mijusi.

Adhuhuri moja Golandam alipanda na kiriba chake kuteka maji. Alipofika, akasita. Salamanda wote walikuwa wametoka majini, wamelala juu ya jiwe kavu, kwenye jua la kuwakausha. Kila mmoja alikuwa ameelekeza kichwa kwenye ufa. Akapiga mguu chini. Hakuna aliyejitikisa.

Ndipo akamsikia ndugu yake mle ndani ya ufa.

"Dada, nimekwama. Nipe mkono."

Akatupa kiriba, akaingia majini hadi magotini, akapenyeza mkono kwenye giza lenye baridi ya theluji. Akamuuliza yuko wapi hasa. Sauti ikamjibu taratibu, sasa karibu zaidi, kwamba asogee kidogo tu.

"Unaongea na nani?"

Swali hilo lilitoka nyuma yake. Yarmorad alikuwa amesimama njiani, ndoo mkononi, jasho likimtiririka. Kabla Golandam hajautoa mkono, ufa ukaita tena. Ilikuwa sauti ya Yarmorad mwenyewe, hata yale mafua aliyoamka nayo asubuhi yalisikika.

"Dada. Mkono."

Yarmorad alimkamata dada yake kiunoni, akamvuta hadi nchi kavu. Kisha, bila kuambiwa, akawaokota salamanda mmoja mmoja na kuwarudisha majini, pamoja na watatu waliokuwa ndooni. Ufa ukanyamaza.

Kabla ya jioni walikuwa wameng'oa hema na kuswaga mbuzi hadi bonde la pili, ambako maji yana chumvi. Mchuuzi aliwafuata huko mara mbili, akarudi mikono mitupu.

Hadi leo Golandam hamwiti nduguye kwa mbali. Chakula kikiiva, humwendea alipo, akamgusa bega kwanza, ndipo amwambie aje kula.