Mpunga Uliowahi Kuiva

Wewe unayepita Kisawasawa ukisifia kijani cha mpunga, mbona ukimwona mama juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, anapiga makopo kufukuza ndege, unageukia simu yako? Umemwona. Usiseme hukumwona.

Huyo ni Domitila, mjane, na mwaka huu ekari zake mbili nusura ziishie matumboni mwa ndege kweleakwelea.

Kosa alilifanya Januari, tena kwa furaha. Alipata mbegu ya muda mfupi, akaipanda kimyakimya, akijichekea kwamba atakula mchele mpya wenzake wakiwa bado wanasubiri. Enzi za mama yake kitongoji kizima kilipanda wiki moja, mpunga ukaiva pamoja, na ndege walipoingia ikabidi wagawane mashamba mia. Kila mtu akapoteza kidogo tu. Kisha zikaja semina. Wataalamu wakafundisha nafasi za mistari na mbolea, wakanywa soda, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza: kila mtu akipanda siku yake, ndege watakula kwa nani?

Mwishoni mwa Aprili walikula kwa Domitila. Shamba lake ndilo pekee lililokuwa njano, na ndege wa bonde zima waliliona. Akiwafukuza upande wa mto, wanatua upande wa njia. Siku ya tatu sauti ilikauka, na kona moja ya shamba ikabaki makapi matupu.

Lilibaki jambo moja, nalo chungu: kwenda kwa Apolinari, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye mwezi mzima yeye Domitila ndiye alikuwa akimtambia kwamba mpunga wa shemeji yake umelala usingizi.

Alimkuta anaziba pancha ya baiskeli. Akamweleza yote kwa sauti ya chura.

"Shemeji," Apolinari akasema bila kuinua kichwa, "yaani unafanya sherehe, unaalika ndege wa kutoka Mlimba mpaka Ifakara, sisi majirani hata kadi hatukupata?"

"Kadi ndiyo hii, nimeileta kwa miguu."

"Ubwabwa utakuwepo?"

"Ukiwahi kabla yao."

Apolinari alicheka mpaka pampu ikamtoka mkononi.

Kesho yake umande haujakauka walifika watu kumi na mmoja. Luciana wa kwaya alibeba ngoma ya kigangoni. Gasper alivuta kanda za kaseti kuukuu toka mti hadi mti juu ya mpunga, zikavuma kwa upepo. Wazee walikumbuka makombeo, na juu ya dungu watu watatu wakambana Domitila wakibishana nani ana shabaha. Dongo moja lilimpata Apolinari mgongoni. Akaapa limetoka kwa shemeji yake, na ni kweli. Siku ya nne tangu wafike, ndege wakachoka, wakaenda zao porini. Siku ya tano watu wakaingia na miundu, wakiimba, naye Domitila asiye na sauti akipiga makofi.

Mpunga wa kwanza ulipokauka, wakala ubwabwa palepale shambani, mikono ikigongana kwenye sinia. Wakakubaliana: mwakani kila mtu na mbegu aipendayo, lakini za muda mrefu zitangulie kupandwa na za muda mfupi zifuate, ziive zote pamoja.

Sasa zamu yako. Kitongojini kwako kila mtu anaficha mbegu yake, na mvua hazikungoji. Usisubiri semina. Leo hii piga hodi kwa jirani wa kulia, kisha wa kushoto, uwaulize wanapanda lini, mpange. Ondoka hapo ulipokaa. Nenda.