Ndagala Ndani ya Ngoma

Mgeni alifika tulipokuwa tukipanga mizigo kwenye baraza ya hoteli. Hakuna aliyemtazamia. Alikuwa mzee mwembamba, amevaa koti zito juani, na suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini, kama ya mtu aliyeruka majini kabla boti haijafungwa. Alisimama kando ya ngoma kubwa, akasubiri nimalize kuandika.

"Ndiyo wewe Félicien, mwenye kupeleka watu kwenye ndege?"

"Ndiyo mimi, Papa. Karibu, keti."

"Sitaketi. Adrienne yuko wapi?"

Nikamwambia kwamba Adrienne ameshakwenda kiwanja cha ndege na safari ya kwanza, pamoja na wachezaji wengine watano na nusu ya mizigo. Lori lilikuwa linarudi kuchukua waliobaki. Mzee akashusha pumzi.

"Vizuri. Asinione."

Ilikuwa Agosti 1983. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimerudi Kalemie kutoka Lubumbashi na diploma ya ualimu, na kwa kuwa hakuna shule iliyoniita, Mama Émérence, mwenye hoteli, alinipa kazi ya kusafirisha wageni wake: kutoka bandarini hadi hotelini, kutoka hotelini hadi kiwanja cha ndege, kila mtu na valizi yake. Wiki ile tulikuwa na kundi la wachezaji ngoma kumi na wawili, waliochaguliwa Moba, Nyunzu na hapa mjini. Ndege ndogo ya kukodi ingewapeleka Lubumbashi, na kutoka huko wangepanda ndege kubwa ya kwenda Kinshasa, kwenye tamasha. Kiongozi wao, Sitwayeni Mwamba (sitwayeni, yaani raia, ndivyo wakubwa walivyoitwa wakati ule), alikuwa ameniambia siku ya kwanza: "Nifikishie watu kumi na wawili bila kasoro, nami nitakuandikia barua kwa rafiki yangu wa idara ya elimu. Nyunzu wanatafuta mwalimu." Kila usiku nililala na barua ile kichwani.

Mzee alinivuta hadi nyuma ya jiko.

"Mimi ni Jérôme, mjomba wake Adrienne. Natoka Moba. Mama yake, dada yangu, tumemzika jana asubuhi."

"Pole sana, Papa. Pole..."

"Polepole na hiyo pole, mutoto wangu. Ina sauti." Alitazama mlango wa jiko. "Nimekuja kumchukua. Matanga hayawezi kwisha bila yeye. Hana ndugu mwingine. Boti iliyonileta inarudi Moba leo saa saba, nyingine ni baada ya wiki mbili. Mtoe kule, umlete bandarini. Mwambie mama ni mgonjwa. Basi."

"Kwa nini usimwambie wewe mwenyewe?"

"Akiniona tu, amekwisha kujua. Mimi sivuki maji kwa sababu ya homa."

Nikasema, kwa maneno niliyokuwa nimeyatoa vitabuni, kwamba mtu mzima ana haki ya kuambiwa ukweli. Papa Jérôme hakukasirika.

"Ataambiwa. Lakini habari hii haisemwi njiani. Muntu akiipokea kati ya wageni, anaanguka kati ya wageni. Kwetu anafikishwa kwanza, anakula, anaketi na mama zake wadogo, ndipo anaambiwa. Mimi nitajificha nyuma ya magunia mpaka boti iondoke. Usimwambie yeye, na usimwambie muntu mwingine. Neno hili likimfikia mmoja, litamfikia na yeye kabla hujafika. Niahidi."

Nilitazama suruali yake iliyokuwa ikidondosha maji kwenye saruji. Nikamwahidi.

Lori liliporudi, dereva wetu Papa Basile aliishika ngoma kubwa, akaiacha.

"Ngoma hii imekula nini? Juzi niliinyanyua peke yangu!"

"Ni ngozi, Papa," mchezaji mmoja akajibu haraka. "Imenyonya umande."

"Ngozi yenye magamba? Inanuka ziwa zima!"

Wakacheka, lakini hawakumtazama usoni. Mimi nilijua. Nilikuwa nimepima mizigo yote juzi kwenye mizani ya ghala la bandari, kilo kwa kilo, kama rubani alivyotaka. Baada ya kupima, kila mmoja alikumbuka shangazi au kaka aliyeko Kinshasa, na nani anakwenda Kinshasa kutoka Kalemie bila ndagala? Valizi zilikuwa zimejaa. Ngoma zilikuwa wazi upande wa chini. Walizijaza vifuko vya ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, wakafunga kwa vitambaa. Mfuko mkubwa kuliko yote, wenye jina kwa wino mwekundu, ulikuwa wa Sitwayeni Mwamba mwenyewe.

Tulivuka daraja la Lukuga nikiwa nimekaa juu ya mizigo, nikitafuta namna ya kusema. Lugha ya kufundishia nilikuwa nayo, lugha ya kudanganya sikuwa nayo.

Adrienne alikuwa ameketi kwenye valizi yake kivulini, amevaa kitenge kipya cha kundi. Jioni tano nilikuwa nimemfundisha Kifaransa kidogo kwenye meza ya chakula, na jioni tano alikuwa amecheka viatu vyangu. Aliponiona akapunga mkono.

"Mwalimu! Umechelewa, nitakukata alama!"

Nilimwendea Sitwayeni Mwamba kwanza. Nilimwomba amruhusu Adrienne abaki, kwa sababu mama yake ni mgonjwa na boti ya Moba inaondoka saa saba.

"Mgonjwa?" Aliongea kwa sauti yake ya mkutanoni, na wote wakageuka. "Kila muntu hapa ana mama mgonjwa! Nimwache mchezaji wangu wa mbele kwa ajili ya mgonjwa? Kama amekufa, sema amekufa. Nitamwachilia sasa hivi. Nitapanga kundi lote mstari, tutanyamaza dakika moja kwa heshima yake, nitasema maneno mawili. Amekufa?"

Sentensi moja tu, na kazi yangu ingekwisha. Niliona yote: mstari, dakika ya kimya, hotuba, na Adrienne katikati ya uwanja wa vumbi, na watu wa Nyunzu wasiomjua mama yake wakimtazama.

"Ni mgonjwa," nikasema.

Adrienne alikuwa amesimama. "Mama anaumwa nini? Nani amekuambia?"

"Muntu wa bandarini. Hakueleza."

"Ni magoti," akasema, akapumua. "Kila kiangazi ni magoti yake. Félicien, mama aliuza mbuzi wake wote wawili ili ninunue valizi hii. Nikirudi kwa sababu ya magoti, atanifukuza na mwiko. Nitamletea dawa kutoka Kinshasa."

Akaketi tena. Nilimtazama akikunja pindo la kitenge chake lisiguse vumbi.

Mizani ya kiwanja ilikuwa imewekwa chini ya bawa la ndege. Rubani alipima, akaandika, akapima tena, akatikisa kichwa.

"Kilo hamsini na nane zimezidi. Muntu mmoja na valizi yake, ao ngoma kubwa. Chagueni, mimi naondoka baada ya nusu saa."

"Ngoma kubwa haibaki!" Sitwayeni Mwamba akasema upesi sana. Kisha akanigeukia. "Félicien! Si wewe uliyepima?"

Karatasi yangu ilikuwa mfukoni, na kila namba juu yake ilikuwa sahihi. Wachezaji walikuwa wakitazama miguu yao. Hakuna ambaye angethubutu kufungua ngoma yenye mfuko wa kiongozi. Adrienne alinisogelea, akanong'ona bila kufungua midomo:

"Sema. Wewe unajua kilichomo. Wewe si mtu wa kundi, wewe unaweza kusema."

Sijawahi kutamani kusema ukweli kama dakika ile. Lakini dagaa wangetolewa, na Adrienne angepanda ndege pamoja na wengine.

"Kosa ni langu, Sitwayeni," nikasema. "Nilipima valizi, ngoma nilizikadiria tu. Abaki mmoja. Abaki Adrienne, ili walau amwone mama yake."

Alinitazama mimi, kisha ngoma. Nadhani alielewa kwamba nilikuwa nimemwokoa kutoka kwenye mfuko wake mwenyewe, na hilo lilimfanya anichukie zaidi.

"Gradué wa chuo!" akatema neno kama mbegu. "Miaka mitatu ya kulipa minerval chuoni, na hajui kusoma mizani. Huyu mwalimu? Nyunzu wamepona."

Nikatoa valizi ya Adrienne, namba tisa, kwenye fungu. Adrienne hakulia. Aliwaaga wenzake mmoja mmoja, na wasichana wawili walishindwa kumtazama. Ndege ilipoanza kunguruma, tulikuwa tayari kwenye lori, yeye kati yangu na Papa Basile.

Darajani ndipo alipofungua mdomo. Akasema yote. Kwamba nilikuwa mwoga. Kwamba nilimwogopa mtu mfupi mwenye tumbo. Kwamba vitabu vimenikausha. Kwamba labda nilitaka abaki Kalemie nimpate kirahisi, mimi na viatu vyangu. Papa Basile alijaribu kumpoza:

"Binti yangu, ndege zitakuja nyingine."

"Kwa nani, Papa? Kwako zilikuja ngapi?"

Papa Basile akabadilisha gia. Tulipoteremka kuelekea bandarini, Adrienne alinishika mkono ghafla, kwa nguvu.

"Félicien, nitazame. Mama yuko hai?"

Nilitazama kioo cha mbele. Palikuwa na ufa mrefu kutoka kona hadi kona, na nyuma yake watu walikuwa wakipakia unga.

"Nimeambiwa ni mgonjwa," nikasema. "Tuwahi. Boti haitungojei."

Akauachia mkono wangu. Alishuka mwenyewe, akabeba valizi mwenyewe, ingawa kubeba ile valizi ndiyo ilikuwa kazi niliyolipwa. Nilimwona akipanda ubao wa boti, akiwasalimu wanawake wa Moba waliokuwa wameketi juu ya marobota yao. Wakamjibu vizuri, wakasogea, wakampa nafasi. Mmoja wao alianza kusema jambo, mwenzake akamgusa paja, akanyamaza. Adrienne hakuona. Alibaki amesimama ukingoni, uso kwangu.

Kamba zilifunguliwa saa saba na dakika chache.

"Umeuza nafasi yangu kwa ndagala!" alipiga kelele. "Kwa ndagala, Félicien! Ya watu wengine!"

Wapagazi wa gatini walicheka. Mmoja akaniuliza kama nilipata angalau kilo mbili. Boti ilijigeuza polepole, na maji kati yetu yakawa mapana, na nadhani upana ule ndio uliombadilisha sauti.

"Félicien! Mama ni mgonjwa kweli? Sema hapa, mbele ya watu!"

Nyuma yake Papa Jérôme alikuwa ametoka kwenye magunia. Alisimama hatua tatu kutoka kwake, mkono mmoja mbele, hajamgusa bado. Alikuwa akinitazama mimi. Wanawake wote walikuwa wakinitazama mimi. Wapagazi walikuwa wameacha kucheka. Ningeweza kujitetea kwa neno moja, na angejua kwamba sikumwogopa Mwamba, kwamba sikumuuza.

"Salimia nyumbani!" nikapaza sauti. "Wasalimie wote!"

Alinikunjia uso kwa dharau ambayo hadi leo naijua mstari kwa mstari. Kisha akanigeuzia mgongo, na kwa kugeuka akamwona mjomba wake.

Sikusikia kitu, injini ilikuwa imeshika kasi. Niliona tu akianguka, na wanawake wa Moba wakinyoosha mikono wote kwa pamoja, wakimketisha katikati yao kabla hajafika chini.